Fundi wa Baiskeli Zisizopumzika

Fundi alikuwa na jozi tatu za viatu mlangoni kwake, na aliyekaa nyumba ile alikuwa yeye peke yake. Jozi ya kwanza ilikuwa patipati za kike zenye ua la plastiki. Ya pili, viatu vya mtoto wa shule, kimoja hakina kamba. Ya tatu ndizo ndara zake. Kila asubuhi alivisogeza kidogo, patipati upande huu, viatu vya shule upande ule, ili apitaye barabarani aone kwamba humu mna watu na watu hao huingia na kutoka. Kisha alichovya leso mbili za kike za kujitanda ndooni, akazianika kwenye kamba zikichuruzika maji, akawasha moto wa makumbi ya nazi hata siku ambazo hakuwa na cha kupika. Mwanzoni nilidhani ana familia kubwa yenye haya nyingi.

Sitaki kukuzungusha. Kiwanja kile cha Kibarani, kando ya barabara ya Malindi, kilikuwa na kesi. Baba yake Fundi alikilima miaka yote bila karatasi, na alipofariki akatokea bwana mmoja mwenye hati. Ndugu walikuwa watano. Walikaa kikao wakaamua kwamba dada yao mkubwa, aliyekuwa Mombasa na aliyejua kusema na mawakili, ashughulike na korti, na mmoja wao abaki akikikalia kiwanja, maana huku kwetu ardhi isiyo na mtu ukiamka huikuta imeota ukuta. Wote wakamtazama Fundi. Kazi yako ni ya kukaa, walimwambia. Mtu wa baiskeli hungoja baiskeli zije. Alikubali kwa miezi sita. Nilipomjua mimi ulikuwa mwaka wa tisa.

Zile patipati zilikuwa za mkewe. Alichoka kulinda, akarudi kwao Kaloleni na mtoto, na Fundi hakumsema vibaya hata siku moja. Alimwomba tu amwachie viatu.

Sisi wapenda baiskeli tulimfuata kwa sababu ya friwili. Friwili ni kile kidude cha gurudumu la nyuma kinacholia tiki-tiki ukiacha kukanyaga pedali. Ndicho kinachokuruhusu kukaa bwerere huku baiskeli ikienda. Baiskeli zetu hazina. Gia ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedali zinazunguka, na pedali zikizunguka miguu haina hiari. Ukitaka kwenda polepole, unazikanyaga kwa kuzipinga. Ukizipinga kabisa unasimama, na ukiwa hodari unarudi kinyumenyume. Kilifi nzima tuliopenda wazimu huu tulikuwa wanane, na kiongozi wetu alikuwa mlinzi wa hoteli moja ya Watamu aliyeziona kwenye simu akashindwa kulala. Mimi nafundisha hesabu shule ya msingi. Wazazi wangu walikuja Kilifi kutoka Kitui kabla sijazaliwa, na mpaka leo mama haamini kwamba nililipa pesa ili mtu anipunguzie kitu kwenye baiskeli.

Mafundi wengine, ukiwapelekea ombi hilo, huchomelea friwili kwa moto ikashikana, basi. Fundi aliuita huo uuaji. Yeye aliitoa nzima, akaipaka grisi na kuifunga kwenye kitambaa akakurudishia, ili siku ukipata akili uirudishe. Mahali pake aliweka gia inayokazwa kwa kulia, na juu yake nati nyembamba inayokazwa kwa kushoto, hivi kwamba moja ikitaka kulegea nyingine inaizuia. Kosa letu sote wapya lilikuwa hilohilo: kuikaza nati kwa kulia kama nati zote za ulimwengu. Unaikaza kwa nguvu zako zote, unajisifu, kumbe unaifungua. Mlinzi wa Watamu alifika mteremko wa darajani hivyo, akapinga pedali, gia ikamtoka, akaokolewa na rundo la mchanga wa wajenzi. Tangu siku hiyo Fundi hakumpa mtu baiskeli isiyo na breki ya mbele, hata vijana waliosema breki inaharibu sura.

Hakuwa mtu mtamu. Niseme kweli, alikuwa mkali bila sababu na mpole bila sababu, na hukujua leo umeangukia wapi. Kijana mmoja alikuja na "Niaje, Fundi," akaambiwa arudi mpaka barabarani, aje upya kama binadamu. Akaenda, akarudi, akasema shikamoo. Fundi akamwitikia marahaba kwa sauti ya upendo kabisa, akamtengenezea ringi bure. Mteja akimharakisha alimwita "msafiri", na hilo kinywani mwake lilikuwa tusi. Alichukia uongo, niliwahi kumsikia akimfokea muuza vipuri kwa simu kwamba mtu mwongo hafai hata kupewa maji. Na huku nyuma yake leso zisizo na wa kuzivaa zinachuruzika.

Somo lake la kwanza kwangu alinifundisha nikiwa chini. Nilikuwa nimeipanda baiskeli yangu mara ya kwanza, uani kwake, nikaenda mizunguko miwili vizuri, nikafurahi, na kwa furaha hiyo nikasahau nikaacha kukanyaga. Pedali hazikusahau. Zilinirusha kando nikachunika kiwiko. Fundi hakuja kuniinua. Alibaki kwenye kigoda chake akinyoosha spoku, akaniambia, "Mwalimu, miguu ikitaka kupumzika, shuka. Juu ya hii hapana kupumzika."

Yeye mwenyewe aliipanda kuliko sisi sote, na hilo ndilo lililotutia wazimu, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Ua wake ulikuwa mdogo. Kati ya choo, jiko na ile kamba ya leso palikuwa na njia iliyochimbika kwa matairi yake, nyembamba, imepinda huku na huku. Kwa vile nafasi ilikuwa finyu alijua kusimama tuli juu ya baiskeli bila kugusa ardhi, dakika nzima, dakika tano, akiyumbisha gurudumu la mbele kidogo tu. Tulimwona akila andazi hivyo. Tulimwona akijibu simu ya dada yake hivyo. Kijana wetu mmoja alimrekodi, na watu wa Nairobi wakaandika maneno ya kumsifu chini ya video, wakitaka kujua huyu mzee hukimbiza mashindano gani.

Kila asubuhi baada ya moshi na leso alizunguka ua, akihamisha kunde moja kutoka kopo hadi kopo kwa kila mzunguko. Nilipomuuliza alinieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Aliupima ua kwa kamba, akajua mizunguko mingapi inafika Tezo, mingapi Matsangoni, mingapi Gede, mingapi Malindi. Nikazirudia hesabu zake nyumbani, kwa ubishi wa kazi yangu, nikazikuta sawa. Basi ikawa mazungumzo yetu. Nikifika baada ya shule namwamkia, namuuliza leo yuko wapi.

"Nililala Matsangoni," hunijibu. "Kesho mapema nitaingia Gede."

Nilimtania: Gede kukoje? Kuna joto, husema, na anaendelea na kazi. Tulicheka. Nami nilikuwa nikienda nyumbani nahesabu mizunguko yake, sijui kwa nini, halafu najua kwa nini.

Malindi ilimshughulisha kwa sababu ndiko kesi ilikosikilizwa. Habari za maisha yake zilisemwa katika mji ule, na yeye hakuweza kwenda kuzisikia kwa sababu alikuwa anakaa ili zipate kusemwa. Tuliporudi kutoka safari yetu ya kwanza ya Malindi, sote tumeungua jua na kujisifu, hakuuliza tumetumia saa ngapi wala nani alichoka. Aliniuliza lango la korti lina rangi gani. Sikuwa nimeangalia. Safari ya pili nikaangalia, nikamwambia ni la buluu, akashukuru.

Sijui hata mmoja kati yetu aliyemwambia aondoke siku moja tu ambaye hakusimuliwa habari ya matanga ya Ganze. Ilikuwa mwaka wa tatu. Mjomba wake alifariki, na kwao hapana udhuru wa kukosa maziko ya mjomba. Aliondoka asubuhi, akalala huko, akarudi kesho yake mchana akakuta nguzo nne na seng'enge imekata ua katikati, choo upande mmoja, nyumba upande wa pili. Ilichukua miezi, na chifu, na barua, mpaka nguzo zikang'oka. Dada yake hakumgombeza. Alimpigia simu akasema, "Ndugu yangu, tulikuomba jambo moja." Afadhali angemtukana. Tangu hapo Fundi hakutoka tena. Jino lilipomsumbua aling'olewa na muuguzi aliyekuja kuziba tyubu, palepale kwenye kigoda.

Mimi ndiye niliyejitia kumtoa. Ilikuwa likizo ya Agosti, kundi linakwenda Malindi Jumapili, nikamwambia nitakaa badala yake kutwa nzima, yeye aende. Alicheka. Siku mbili baadaye aliniuliza, bila kunitazama, "Wajua kuanika leso, mwalimu?" Nikajua amekubali. Akanifundisha kila kitu kwa utaratibu wake: viatu kwanza, leso pili, moto tatu. Leso zisikamuliwe sana. Moto usiwe wa kuni kavu, maana hautoi moshi. Akija mtu nisisimame haraka, mwenye kwake hasimami haraka.

Alfajiri hiyo alivaa shati lililopigwa pasi. Alitoka na wenzangu saba, nikawaona wakipungua barabarani, yeye katikati, mgongo umenyooka, na machozi yakanitoka kwa fahari. Halafu nikakaa.

Nimekaa mahali pengi maishani mwangu. Nimesimamia mitihani ya saa tatu, nimekesha kwenye viti kando ya wagonjwa. Lakini kukaa pale kulikuwa namna nyingine. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka, nilitaka mkate, ningekwenda na kurudi kabla maji hayajachemka, na sikuweza. Choo chenyewe nilikwenda nikikimbia. Nilizunguka ua kwa miguu, nikagundua nafuata ule mfereji wa matairi yake bila kukusudia. Saa mbili tu zilikuwa zimepita na nilikuwa nimekwisha kuwachukia watu wote wanaopita.

Ndipo pikapu nyeupe ikapunguza mwendo ikasimama. Walishuka wanaume wawili, mmoja na futi ya kupimia ya kukunja. Walinisalimu kwa adabu. Wakauliza mwenyewe yupo.

"Yupo," nikasema. "Yuwaoga."

Sikusimama haraka. Yule mwenye futi aliangalia mlango, akaviangalia viatu jozi moja baada ya nyingine, akaangalia leso. Leso zilikuwa bado zinadondoka maji. Wakasema watapita siku nyingine, wakaondoka, nami nikabaki nimeshika kopo la kunde kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeweza. Nilitaka jioni ifike nimwambie kwamba inawezekana, kwamba kila mwezi mmoja wetu atakaa na yeye atatoka, tutapanga zamu kwenye kundi la simu, mambo yamekwisha.

Alirudi haijafika saa nne. Shati lilikuwa halijalowa jasho. Aliishia Tezo, mahali ambapo mtu wa baiskeli hata hajapata joto.

"Miguu ilikuwa yaenda," aliniambia. "Mimi ndiye niliyebaki."

Nilikasirika. Nasema kama ilivyokuwa. Nilikuwa na njaa na hofu ilikuwa bado haijanitoka, na niliona kwamba hakuniamini. Basi nikamwambia habari ya pikapu, ya futi, na jinsi yule mtu alivyohesabu viatu. Sikumwambia ili ajue. Nilimwambia ili imuume. Fundi aliisikiliza yote. Kisha akaenda mlangoni, akainama, akazigeuza patipati, maana nilikuwa nimeziweka zinaelekea ndani, na mke aliye ndani huviacha viatu vinaelekea nje.

Hakutoka tena. Wenzangu walimbembeleza, nami nilimwomba radhi mara tatu, akasema hapana neno, na hapakuwa na neno kweli. Aliendelea kunitengenezea baiskeli na kunichunga breki. Ila zile kunde alizimwaga. Niliuliza siku moja leo yuko wapi, akajibu yuko Kibarani. Ningefunga mdomo wangu Jumapili ile angejaribu tena, labda angefika Matsangoni, labda Gede yenyewe. Hilo nalijua na nakaa nalo.

Kesi iliisha mwaka wa kumi na moja, na mwisho wake niliushuhudia kwa macho yangu. Ilikuwa Ijumaa baada ya shule, nimepeleka gurudumu kunyooshwa, ikaingia teksi. Dada yake akashuka, mama mnene mwenye sauti nzuri, na nyuma yake ndugu wengine watatu, na kreti ya soda. Nilitaka kuondoka, Fundi akaniashiria nikae. Dada alimkumbatia. Akasema hawakushinda wala hawakushindwa, wamesuluhishana nje ya korti: yule bwana abaki na ardhi, wao wapewe fidia, na yeye, kwa subira yake, kikao kimemtengea fungu kubwa kuliko wote.

"Sasa uko huru, ndugu yangu," akamwambia.

Fundi alikuwa ameshika gurudumu langu. "Tangu lini?"

"Tulitia saini Jumanne."

"Leo ni Ijumaa," akasema Fundi.

Dada hakuelewa, nami sikuwa mtu wa kumweleza. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa leso zilikuwa zimechovywa na kuanikwa. Asubuhi tatu aliwasha moto usio na chungu, akavipanga viatu, kulinda kitu ambacho wenyewe walikuwa wamekwisha kukiuza. Fundi aliweka gurudumu chini, akaenda kwenye kamba, akazianua leso zikiwa bado mbichi, akazikunja vizuri na kumpa dada yake, kwa kuwa zilikuwa zake tangu mwanzo. Akanywa soda. Kesho yake nilipopita ndara zake tu ndizo hazikuwapo mlangoni, na baiskeli, na mfuko wa vyombo. Wiki iliyofuata likaja tingatinga.

Kwa miezi tulimsikia tu. Kaonekana Watamu akimnyooshea mtu ringi kando ya njia, baiskeli yake imemlalia begani. Kaonekana Gede. Mwendesha tuktuk mmoja aliapa kamwona Mariakani, ng'ambo yote hiyo. Fedha za fungu lake, dada alituambia, hakuzifuata. Nyumba ya kupanga alitafutiwa mbili, hakulala hata moja zaidi ya siku tatu. Mlinzi wetu wa Watamu alifurahi sana, akasema mzee sasa anakula dunia. Nikataka na mimi kufurahi.

Nilimkuta mwaka huu Malindi. Nilikuwa nimekwenda semina ya walimu, nikatoka saa ya chakula kuelekea sokoni, nikamwona mbele ya mkahawa, juu ya baiskeli, amesimama tuli katikati ya tuktuk na mikokoteni, gurudumu la mbele linayumba kidogo kushoto, kidogo kulia. Alikuwa amekonda. Shavu lilikuwa limeungua na jua na ndara zilikuwa zimeliwa upande mmoja. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama kwa furaha isiyofichika.

"Lango la korti ni la kijani," alisema. "Ulinambia la buluu."

Nikasema labda wamelipaka upya. Akasema labda. Aliniuliza habari za kundi, na kama bado naikagua nati yangu kila Jumamosi. Kila alipohisi baiskeli inazidi kuinama alikanyaga robo mzunguko mbele, akarudisha robo mzunguko nyuma, bila kuangalia, kama vile uani kwake kati ya choo na jiko. Nikamwambia ashuke tunywe chai, hapa hapa, kivulini, baiskeli aiegemeze ukutani. Aliangalia benchi. Aliliangalia muda mrefu kuliko benchi linavyostahili kuangaliwa, na nikaona jinsi alivyochoka.

"Nikishuka nitakaa," akasema.

Sikumbishia. Niliingia, nikaagiza chai mbili na mahamri, nikatoka na kikombe chake. Kilikuwa cha moto, kinahitaji mikono miwili, kwa hiyo nikamshikia usukani. Alikunywa akiwa juu pale, ndara hazijagusa ardhi, watu wakitupita na kututazama. Nilihisi uzito wake wote ukiniegemea mkononi, kwa mara ya kwanza baiskeli haiyumbi, naye akafumba macho kidogo. Nikakaza mkono. Nilifikiri nitamshika hivi mpaka kengele ya semina, na semina ingoje.

Akafungua macho. Akanirudishia kikombe kikiwa na nusu.

"Achia, mwalimu," akasema.

Nikaachia.